Kilo Sabini za Trela Tupu

Liuli,
3 Juni 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo Baba, na Mama naye mpe shikamoo yangu. Mimi huku ziwani nipo, ni mafua tu ya huu upepo wa Juni, na yenyewe yanaondoka. Mgongo wa Mama unaendeleaje? Buni mmeanza kuchuma au bado mnasubiri ziive vizuri?

Naandika barua kwa kuwa Mama alinipigia kwa simu ya jirani akasema yako imekufa kabisa na hutaki kununuliwa nyingine. Hii nampa Mansuetus wa basi dogo, ataiacha pale dukani Matiri.

Baba, nina swali la kazi, na mtu wa kumuuliza ni wewe. Tajiri yangu, Mama Luisa mwenye nyumba ya wageni, amepata wazo. Wageni wanaokuja kuogelea anataka wapande farasi ufukweni. Farasi, Baba! Liuli nzima imecheka wiki nzima. Atanunua wawili Iringa, lori litawafikisha Mbinga, na kutoka Mbinga niwateremshe mimi kwa trela nyuma ya Land Cruiser.

Sasa leseni yangu ni daraja D. Nilimuuliza trafiki mmoja wa Mbamba Bay kama utani, akanijibu, "Dada Ida, ukivuta trela la biashara kwa hiyo D nitakuandikia, na tutabaki marafiki." Wengine kila mtu ana lake. Huyu anasema trela dogo halina sheria. Yule anasema inategemea uzito. Mwingine anasema mpaka niwe na leseni ya semi. Nimechoka kusikiliza.

Wewe uliendesha magari ya shamba kabla sijazaliwa. Najua hupendi kuyazungumza, na sijawahi kukusumbua. Ila kwa hili nisaidie.

Binti yako,
Ida


Matiri,
10 Juni 2024

Mwanangu Ida,

Marahaba. Mgongo wa mama yako hauna hatia, anauonea mwenyewe kwa kuinama kwenye mashimo ya ngoro shambani tangu alfajiri kama msichana. Buni tumeanza mstari wa chini. Mafua ya ziwani yachemshie mchaichai.

Swali lako limenifurahisha, kisha likaniudhi kwa kuwa limenifurahisha. Nilidhani hayo nimeyasahau. Kumbe yapo.

Sheria za siku hizi waulize wenyewe trafiki, wala usione haya, kwa sababu daraja za leseni zimebadilishwa tangu zama zetu. Lakini akili ya sheria ni ileile. Huulizwi farasi wala magunia, unaulizwa uzito. Trela lina uzito wake likiwa tupu, na lina uzito mkubwa kabisa linaoruhusiwa likiwa na mzigo. Hizo namba zote mbili zimegongwa kwenye kibao cha chuma karibu na shingo ya kuvutia. Usimwamini mtu, soma kibao. Kisha uangalie gari lako linaruhusiwa kuvuta kiasi gani. Kwa kuwa utavuta kwa biashara ya mtu, nadhani watakupeleka daraja E, maana yake leseni ya kujifunzia, mwalimu pembeni yako, na mtihani. Trela nalo litataka namba yake, taa zake na ukaguzi wake. Breki za trela zipime wewe mwenyewe. Usikubali kuambiwa.

Farasi ni mzigo unaohama. Gunia likilala limelala, ila farasi ukikata kona ghafla anahamia upande, na gari linahama naye. Kata kona kama umebeba maji kwenye beseni.

Na lingine, Ida. Mtu haruhusiwi kupanda ndani ya trela likiwa linatembea. Hata wa kumshika farasi. Hata akikuomba kwa machozi. Hili hata sheria isingekuwepo ningekuambia.

Hilo trela linatoka wapi?

Baba yako,
Tarsisi


Mbinga,
24 Juni 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mafua yamekwisha, mchaichai umefanya kazi. Niko Mbinga mjini kwa wiki tatu, Mama Luisa amenilipia mafunzo. Ulisema kweli, wamenipeleka daraja E. Mwalimu wangu anaitwa Kiliani, mtu mpole, husali kabla ya kuwasha gari.

Trela limetoka Litumbandyosi, kwenye lile shamba la zamani la Mzungu. Lilikuwa kwenye banda la kahawa, nyuma ya mitambo iliyooza. Mlinzi wa pale, Praygod, alisema tulichukue tu, hata kuku wake hawajawahi kulala ndani yake ingawa mlango wa juu uko wazi siku zote. Bado ni imara, Baba. Rangi ya kijani imebanduka, lakini sakafu ni nzima. Mlango wa nyuma sehemu ya chini inateremka kuwa daraja la farasi, na sehemu ya juu haina kitu, ni wazi.

Nilisoma kibao kama ulivyonifundisha. Uzito tupu, kilo mia sita na tisini. Mkaguzi akataka cheti cha mizani kuthibitisha, basi tukalipeleka kwenye mizani ya kiwanda cha kukoboa kahawa. Mizani ikasema mia saba na sitini.

Tukafikiri ni uchafu. Tukatoa mkeka wa mpira, tukatoa chombo cha majani, tukaliosha mpaka maji yakatoka meupe. Tukarudi. Mia saba na sitini. Mpima mizani akaweka gunia la kilo hamsini peke yake, ikasoma hamsini kamili. Akafungua mlango wa trela, akachungulia, akafunga. Akasema, "Dada, mizani yangu haidanganyi. Humo mna mtu mzima mmoja." Akacheka. Kiliani hakucheka.

Mkaguzi amekataa kuweka sahihi mpaka namba zikubaliane. Mwishowe amekubali niendelee kulitumia kwa mafunzo tu hapa mjini.

Jambo jingine dogo. Nikivuta likiwa tupu, ninahisi kitu kinahama. Nikifunga breki kinakuja mbele, nikipanda mlima kinarudi nyuma. Polepole, kama mtu anayeshikilia. Kiliani anasema ni springi zimezeeka. Wewe unaonaje?

Wako,
Ida


Matiri,
26 Juni 2024

Ida,

Marahaba. Mama yako hajambo.

Usilivute. Mwambie Mama Luisa alikate auze chuma, atafute trela jingine hata la kukodi. Usiniulize sababu.

Baba yako


Mbinga,
9 Julai 2024

Baba,

Shikamoo. Natumaini mko wazima na mvua ya ukungu haijaharibu buni zilizoanikwa.

Barua yako niliisoma mara tatu. Sikukutii, Baba, nisamehe. Nina miaka thelathini na mitatu, na mtu akiniambia "usiniulize" wakati kazi yangu iko mezani, nashindwa. Mama Luisa hasikii habari ya kununua jingine. Na chuoni trela dogo lilikuwa hilohilo.

Jana nilifanya mtihani. Saa nne asubuhi, jua limetoka, watu wamejaa sokoni. Mtahini alikaa pembeni yangu, Kiliani nyuma. Kwenye mlima nikasimama kama nilivyoagizwa, kisha nikaachia breki kuondoka. Hapo tukasikia nyuma yetu, kwenye ukuta wa mbele wa trela, ko. Mara moja. Mtahini akanitazama. Nikasema labda ni mnyororo. Tukafika njia panda, nikiwa bado natembea, tukasikia ko, ko. Mara mbili. Mguu wangu ukakanyaga breki wenyewe, sijui kwa nini.

Akaniambia nirudishe trela nyuma kati ya vigingi. Akashuka, akaenda kusimama nyuma anipime. Nilikuwa namwona kwenye kioo. Nikarudisha nusu, akanyanyua mkono. Akaja dirishani kwangu, amebadilika sura.

"Mteremshe huyo mtu."

"Mtu yupi, afande?"

"Huyo aliyesimama ndani. Ameshika ukingo wa mlango kwa mikono miwili. Ananiangalia."

Tukaenda wote watatu. Kiliani akateremsha mlango. Baba, mlikuwa hamna kitu. Sakafu kavu, kuta, harufu ya sabuni tuliyooshea.

Mtahini akaweka fomu juu ya boneti akaandika: AMESHINDWA. Sababu: amebeba mtu ndani ya trela. Kiliani akalalamika kwamba hamna mtu. Mtahini akamjibu kwa sauti ya chini, "Niandike nini kingine, mwalimu? Nimeona nilichokiona. Nikiandika amefaulu, yule naye nimemwandikia aendelee kusafiri."

Nitarudia mtihani kwa trela la kukodi la magunia. Lakini sasa nakuuliza, na safari hii unijibu kama mtu mzima mwenzako. Humo ndani ni nani?

Ida


Matiri,
14 Julai 2024

Mwanangu Ida,

Marahaba. Salamu leo nitazifupisha, kwa sababu nikianza kuzunguka sitafika. Mama yako nimemwambia jana. Umekuwa mtu wa pili kusikia.

Anaitwa Modest. Mwite baba mdogo, ndivyo ungemwita.

Mwaka 1989 nilikuwa dereva wa lile shamba la Litumbandyosi. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na nilijiona mfalme wa barabara. Modest alikuwa mtunza farasi. Kijana wa Liuli, mwembamba, mcheshi, farasi walimfuata kama kuku wanavyofuata mtama. Mwenye shamba alimuuza farasi wake wa mwisho kwa mtu wa ng'ambo, Malawi, na sisi tukaambiwa tumfikishe Mbamba Bay. Meli ilikuwa inaondoka saa kumi jioni.

Farasi alikataa kuingia. Alitulia Modest alipoingia naye. Modest akasema, "Kaka Tarsisi, nikae naye humu, vinginevyo atajivunja." Nilijua ni kosa. Kibao cha marufuku kilikuwa pale pale mlangoni. Nikamwambia haya, kaa. Tukapatana alama: akigonga mara moja, twende. Akigonga mara mbili, nisimame. Alikuwa anagonga kwa brashi ya chuma ya kumsafishia farasi.

Barabara wakati ule ilikuwa vumbi na mawe. Tulipita Tingi tumechelewa. Kwenye mteremko ukungu ukatufunika, breki zikaanza kunuka. Nikasikia ko, ko. Nikajisemea, nikisimama hapa meli itaniacha. Nikaendelea. Akagonga tena mara mbili. Tena mbili. Kisha hakuhesabu, akawa anagonga tu. Nilifunga dirisha, Ida. Nilifunga dirisha kwa mkono wangu huu ninaoandikia.

Baada ya kona kadhaa pakawa kimya, nikashukuru.

Mbamba Bay nilipoteremsha mlango, farasi alikuwepo, ameloa jasho, mguu wa nyuma unatoka damu. Modest hakuwepo. Nilielewa palepale. Farasi alipandwa na wazimu mle ndani, na Modest akatoka kwa ule mlango wa juu ulio wazi, ama alirushwa ama aliruka. Palikuwa bado na mwanga. Ningeweza kugeuza gari nikarudi. Nikasimama pale nikatazama meli ikipakia. Nikaogopa leseni yangu. Nikaogopa jela. Watu walipouliza, nikasema Modest aliteremka Tingi kwa miguu yake, alisema ana rafiki pale. Polisi nikawaambia hivyo. Mama yake aliyekuja kutoka Liuli na kibuyu cha uji wa mwanawe, nikamwambia hivyo.

Sikujua kama alikuwa hai kule chini siku ile. Kutojua huko ndiko nilikolala nako miaka thelathini na mitano. Mwezi uliofuata nikaacha udereva.

Sasa umeelewa kwa nini miaka minne uko Liuli, mimi sijakanyaga. Alikuwa na dada yake mdogo, Scholastica. Sijui kama yu hai. Usimwambie kitu. Kama yupo, mdomo wa kumwambia ni wangu.

Nisamehe ukiweza.

Tarsisi


Liuli,
12 Agosti 2024

Baba,

Shikamoo. Nimekaa na barua yako wiki nne. Mansuetus amenipita mara nyingi akiuliza, "Leo hamna ya mzee?" nikawa namwambia kesho. Sikununa, Baba. Nilikuwa sijui mtu anaanzia wapi.

Scholastica yu hai. Nanunua kwake dagaa kila Jumamosi. Ana banda karibu na kanisa, na kila gari linalosimama pale yeye huacha kuzungumza, anawatazama wanaoshuka mmoja mmoja mpaka wa mwisho, kisha anaendelea na mazungumzo alipoachia. Nilifikiri ni udadisi. Mwaka jana aliniambia, bila mimi kumuuliza, "Nina kaka yangu alishuka Tingi." Hivyo tu, kama vile ameshuka juzi. Sikumwambia kitu, kama ulivyoniagiza. Lakini Jumamosi mbili hizi nimeshindwa kwenda kununua.

Mtihani nimefaulu, na leseni ya E ninayo mkononi. Nilidhani nitafurahi zaidi.

Siku niliyoichukua, Mama Luisa akanipigia simu: trela literemshwe Liuli lipakwe rangi kabla farasi hawajaja. Nikamwambia halina cheti. Akasema basi atamtafuta yule Praygod wa shambani, yeye haulizi vyeti. Na Praygod hana leseni ya aina yoyote, Baba, hata ya pikipiki. Nilimwona akilini kwenye ule mteremko, redio iko juu, akigongewa. Nikaenda kwa mkaguzi, nikamweleza kila kitu isipokuwa jina lako. Akanipa kibali cha safari moja, mchana, trela tupu, na mwalimu awe pembeni yangu.

Tulitoka Mbinga saa tatu asubuhi Alhamisi iliyopita. Lami sasa ni nzuri, ungeshangaa. Mpaka Tingi hakuna kilichotokea, Kiliani akaanza hata kupiga mluzi. Baada ya Tingi ukungu ukapanda kutoka bondeni, mweupe, ukakaa barabarani. Madirisha niliyaacha wazi yote mawili, ingawa baridi ilikuwa inauma.

Kwenye kona ya kushoto, penye mianzi mingi, nikasikia ko, ko.

Nilisimama. Nilisogea pembeni, nikafunga breki, nikawasha taa za hatari, nikaweka pembetatu nyuma na mawe kwenye matairi, vyote, nikivifanya taratibu kwa sababu nilitaka kila kitu kiwe sawa. Kiliani hakushuka. Alikuwa ameshika rozari, macho kwenye kioo cha pembeni.

Nikateremsha mlango mpaka ukagusa lami. Ndani hamna kitu. Sikujua nifanye nini, nikasimama kando kama unavyompisha mtu. Nikasema, "Baba mdogo, tumesimama. Shuka."

Ukungu ulikuwa kimya, hata ndege hamna. Kisha ubao wa mlango ukalia, hatua kwa hatua, mara tatu. Trela likanyanyuka, Baba. Kidogo tu, upana wa kidole, vile gari linavyonyanyuka mtu akishuka. Springi zikalia kidogo, zikatulia. Nyasi za ukingoni zikalala kuelekea chini, kwenye mianzi, na hapakuwa na upepo.

Niliporudi kwenye gari Kiliani aliniuliza, "Umemwona?" Nikasema hapana. Akasema, "Mimi nimeona trela tu. Inatosha."

Pale pembeni nimepanga mawe saba na kufunga kitambaa changu chekundu kwenye mwanzi. Ni kona ya tatu baada ya daraja dogo. Kutoka pale hadi nyumbani gari lilikuwa jepesi, lilinitisha kwa wepesi wake.

Kesho kutwa naondoka na lori kwenda Iringa kuwafuata farasi, nitakaa kama wiki tatu. Sikwambii ufanye nini. Banda la dagaa liko karibu na kanisa, upande wa ziwani.

Binti yako,
Ida


Liuli,
4 Septemba 2024

Mwanangu Ida,

Marahaba. Barua hii nampa dereva wa lori la mahindi anayepanda Iringa, amesema analijua shamba la farasi mlipo. Mama yako yuko hapa nami, mgongo wake hajautaja hata mara moja tangu tufike. Watu wa huku wanatulisha samaki mpaka tunaona aibu.

Nilishuka kwa basi la Mansuetus tarehe kumi na tisa. Liliposimama pale kanisani, alikuwa amesimama mwanamke mwenye mvi anatutazama tunavyoshuka. Nikashuka wa mwisho. Sikusubiri kukaribishwa. Nikamwambia, "Mama, mimi ni Tarsisi, dereva. Modest hakushuka Tingi."

Hakulia. Alinishika mkono akanikalisha kwenye kiti chake, yeye akakaa chini kwenye mkeka wa dagaa, akasema, "Sema." Nikasema yote. Hata la dirisha. Nilipomaliza akauliza, "Alhamisi ya tarehe nane, ulikuwa wapi?" Nikamwambia nilikuwa shambani Matiri. Akasema siku hiyo mchana alikuwa anaanika dagaa, akasikia mtu anapiga hodi mlangoni kwake kwa Kinyasa cha huku ziwani, kwa jina lake la utotoni ambalo waliobaki kulijua wote wamekufa. Alikwenda akakuta mlango wazi na hakuna mtu. Akapika ugali wa watu wawili. "Kwa hiyo habari yako haijanifikia ya kwanza," akaniambia. "Lakini nilikuwa nakusubiri wewe pia."

Tulikwenda polisi pamoja. Wameandika maelezo yangu, wamesema nisitoke mkoani mpaka nitakapoitwa. Nitaitwa, na nitakwenda. Kisha tulipanda mlima, polisi wawili, katekista, vijana wa Tingi wenye kamba na mapanga, na Scholastica ambaye alikataa kubaki chini. Mawe yako saba tuliyakuta. Vijana walishuka kwenye mianzi kama urefu wa mnara wa kanisa. Hawakutafuta hata saa moja. Alikuwa ameketi, Ida. Mifupa ilikuwa imeegemea jiwe, imeelekea juu barabarani. Pembeni ilikuwepo ile brashi ya chuma, na kwenye mgongo wa brashi amekwaruza herufi za jina lake. Jiwe lile lilikuwa na alama nyingi, zimegongwa mbilimbili. Nyingi. Katekista alizihesabu mpaka akaacha.

Basi sasa najua. Hakufa siku ile.

Nilidhani Scholastica angenifukuza hapo. Watu wengine walitaka. Yeye alisema, "Huyu hataondoka kwa urahisi hivyo." Tulimzika Jumamosi. Padri alisoma vizuri. Baadaye Scholastica akaniambia masharti yake. Nikae msibani siku zote za matanga, pale mlangoni, na kila anayekuja kutoa pole nimsimulie mimi mwenyewe ilivyokuwa, tangu mwanzo, bila kuruka. Mtu mmoja mmoja. Jamaa wanakuja kutoka Lituhi, kutoka Mbamba Bay, wengine wamevuka kwa boti kutoka Malawi. Nimesimulia mara arobaini na kitu. Mwanzoni nilidhani mara ya kumi itakuwa nyepesi kuliko ya kwanza. Haikuwa. Wengine wanalia, wengine wananitemea mate karibu na miguu, bibi mmoja alinipa maji ninywe ndipo niendelee. Jioni Scholastica anapakua sahani mbili, yangu na yake, tunakula pamoja.

Jana, mchana kweupe, watu walikuwa wamepungua. Alikuja mwanamume mmoja mwembamba, amevaa koti lisilo la msimu huu. Hakukaa. Nikaanza kusimulia kama kawaida, nikafika mahali pa ukungu. Akanyanyua kiganja kunizuia. Akaniuliza swali moja tu, bila hasira.

"Ulisikia?"

Wote walionisikiliza hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Nilikuwa na maneno mengi, Ida. Breki, meli, ujana. Yote yakaondoka. Nikamwambia, "Nilisikia. Kila mara ulipogonga, nilisikia."

Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa risiti yake. Akaingia ndani ya nyumba.

Nikasubiri atoke. Saa moja, saa mbili. Nikamuuliza Scholastica, yule mgeni aliyeingia ni jamaa wa upande gani, nimpishe kiti. Alikuwa anapepeta mchele uani, mbele ya mlango huohuo. Aliacha kupepeta.

"Hajaingia mtu," akasema. Kisha akaweka ungo chini, akaenda jikoni, akarudi na sahani ya tatu.

Baba yako,
Tarsisi